Miezi 14 ndani ya gemu la RPG: nyota mbili, zote za miezi ya mwanzo

Nililipakua mwezi wa sita mwaka juzi, wakati baridi ya Uyole inakulaza saa mbili usiku utake usitake. Ni gemu la RPG, yaani unachukua mhusika na kupita naye kwenye hadithi, la mtandaoni, la bure. Jina nalihifadhi, wenzangu bado wanalicheza na sitaki ugomvi.

Miezi minne ya kwanza sina neno. Kulikuwa na misheni ya mzee mvuvi aliyepotelewa na mtumbwi. Unazunguka naye ziwa zima, anapiga soga, mwisho anakupa samaki watatu wa kukaanga. Basi. Hakuna silaha wala almasi (pesa ya ndani ya gemu), na ndiyo misheni ninayoikumbuka kuliko zote, maana aliyeitunga alikuwa na kisa cha kusimulia.

Baadaye visa vikaanza kunuka duka. Apdeti zilikuja kila baada ya wiki 6, na moja ikaleta bosi, yaani adui mkubwa, mwenye ngao ya barafu isiyoyeyuka ila kwa moto. Siku hiyohiyo, kwenye boksi la bahati, lile unalolipia kuvuta bila kujua utapata nini, akatoka karakta (mhusika wa kuchezea) mpya mrusha moto, yupo siku 21 tu. Nikasema labda imetokea. Apdeti iliyofuata bosi anapaa angani, na dukani kuna mpiga mishale mpya. Ya tatu sikuhangaika na tangazo la hadithi. Nilifungua duka kwanza, nikaona wanauza nini, nikajua adui atakuwa wa namna gani. Tangu hapo sijakosea hata mara moja.

Kwenye chama chetu cha wachezaji yupo dada mmoja wa Iringa ambaye hajawahi kulipa hata shilingi. Yule bosi wa barafu alimmaliza kwa karakta wa bure, dakika 47, karakta anakunywa supu kila damu, yaani uhai wake, ikikaribia kuisha, sisi tunamshangilia kwenye chati: "Dada, umetisha!" Apdeti iliyofuata, mabosi wapya wote wakawekewa saa. Dakika 3, usipommaliza bosi anajaa damu upya. Saa ile haikuongeza utamu wowote kwenye pambano. Iliziba njia aliyopita dada.

Sasa pesa. Kuvuta boksi mara moja ni almasi 160, lakini almasi zinauzwa kwa vifurushi vya 300 na 980. Ukinunua 300 unavuta mara moja, zinabaki 140, pungufu 20 tu ya kuvuta tena. Wakulima wa viazi wa huku kwetu wanaijua lumbesa: gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, bei ni ya gunia moja. Hii ni lumbesa iliyogeuzwa, safari hii anayepunjwa ni mnunuzi.

Mimi nilinunua vifurushi vitatu vya 980, jumla Sh 117,000, pesa niliyotenga kununua vioo vya simu kwa ajili ya kibanda changu Mwanjelwa. Nikavuta mara 18. Mrusha moto hakutoka. Ukibonyeza alama ndogo pembeni ya boksi unaona uwezekano wake: asilimia 0.6. Nilipiga hesabu baada ya kuliwa, ujinga wangu huo. Kwa kiwango hicho, kati ya watu 10 wanaovuta mara 18, kama 9 wanatoka mikono mitupu. Hata ukivuta mara 100, kukosa bado kuna nafasi kubwa kuliko kupata. Mwenzangu wa Tukuyu aliyekuwa ananihimiza, "Kaka, lipia tu bosi afe tukalale," siku hiyo alilala mapema.

Najua seva na wachoraji wanahitaji kulipwa. Ila namna ya kulipwa ndiyo inayochora ramani. Tazama magemu mengine ya RPG ya mtandaoni. World of Warcraft ya mwaka 2004 ilitoza takriban dola 15 kwa mwezi, kwa hiyo kule ujanja ni kurefusha: zawadi za mabosi wakubwa unapata mara moja kwa wiki, urudi wiki ijayo ukiwa bado unalipia. Guild Wars 2, tangu 2012, haina ada ya mwezi, na nyongeza zake kubwa unazinunua moja kwa moja, unajua unachonunua. Old School RuneScape ilianza 2013 kwa wachezaji kupigia kura vitu vipya kabla havijaingia, na mwanzoni kila kimoja kilitakiwa kipate asilimia 75 ya kura. Ubelgiji nao mwaka 2018 walisema maboksi ya kulipia ya namna hii ni kamari. Nikisoma hayo nawaza yule mvuvi angepitishwa na nani leo, wakati hauzi chochote.

Nyota mbili basi. Moja ya mvuvi, moja ya muziki wa ziwani, ambao usiku ukivaa spika za masikioni unasahau kuwa mabati yanapigwa na upepo.

Sijalifuta. Apdeti ya mwisho ilitaka GB 6 na bando langu halifiki huko, kwa hiyo limekaa tu. Kwenye akaunti zimebaki almasi 60. Nimezunguka duka lote, hakuna kitu kinachouzwa kwa almasi 60.