Kabla Hujanunua Mtambo wa Kurejesha Maji ya Kuoshea Magari, Uliza Maji Yanalalaje

Siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu ya Idi, mzee mmoja ambaye huniletea gari lake kila wiki hapa Tabata alirudi saa mbili tu baada ya kuondoka, akafungua milango yote minne na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, gari langu linanuka yai viza." Alisema kweli. Kapeti za miguuni tulizozipiga kwa mashine ya presha asubuhi ile zilikuwa zimenywa maji kutoka kwenye mtambo wangu mpya wa kurejesha maji, yaani unaosafisha maji yaliyokwisha kuoshea gari ili yatumike tena, ambao nilikuwa nimeununua kwa akiba ya miaka miwili, na maji hayo yalikuwa yamelala siku nne ndani ya tangi bila kuguswa. Nilizitoa kapeti zake zote, nikazifua kwa maji ya bomba mara mbili, nikazianika, na sikuthubutu kupokea malipo yake. Wiki hiyo nilipoteza wateja wengine ambao hawakurudi hata kulalamika.

Mtambo ule ulikuwa kabati la kupendeza lenye filta tatu, mchanga, mkaa maalumu na taa ya kuulia vijidudu, na aliyeniuzia alinieleza kwa kirefu unachuja lita ngapi kwa saa na unazuia chembe ndogo kiasi gani. Hakuna aliyenieleza, na mimi sikujua kuuliza, kwamba ukizimwa, kila kilichomo ndani husimama. Ndiyo maana katika mwongozo huu sitakaa kwenye mambo ambayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa, kama kasi ya kuchuja, ukubwa wa tangi au namna chembe za mchanga zinavyokula sili za pampu. Hayo ni muhimu, lakini mimi ninapanga mitambo kwa swali moja tu: maji yanalalaje humo ndani wakati hakuna gari linalooshwa?

Maji yanayotoka chini ya gari yamebeba udongo, mafuta, grisi, shampuu na mabaki ya majani na chakula. Bakteria wanaokula uchafu huo hutumia kwanza oksijeni iliyoyeyuka majini, na oksijeni hiyo kwetu ni kidogo tangu mwanzo, kwa sababu maji ya nyuzi 30 hubeba takribani miligramu 7.5 tu kwa lita, wakati maji ya nyuzi 10 hubeba zaidi ya 11. Ikiisha, wanaoshika zamu ni bakteria wa aina nyingine wanaopumua kwa salfeti, yaani chumvichumvi zenye salfa, nao ndio wanaotoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yaani ile harufu ya yai viza. Salfeti haikosekani: imo katika shampuu nyingi na katika visima vingi vya maji ya chumvi vya Dar es Salaam, na hata shabu tunayotia ili tope lishuke ni salfeti ya alumini. Mtambo uliobuniwa kwa nchi ya baridi unaweza kulala Jumamosi hadi Jumatatu bila tatizo, lakini ukiuleta hapa mwezi Februari, hesabu inabadilika kabisa.

Harufu si kero ya pua peke yake. Gesi hiyo, ikikutana na unyevu juu ya usawa wa maji, hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfuriki, ambayo hula saruji ya chemba na vyuma vilivyo karibu. Tena ni gesi inayoua. Ikiwa nyingi huifisha pua, hivyo anayeingia kwenye chemba hudhani harufu imekwisha, kumbe ndipo hatari ilipofika. Nawaomba wenye biashara wenzangu, kijana wenu asishuke kamwe kwenye chemba kuchota tope. Iteni boza la majitaka linyonye kutoka juu.

Chaguo ninaloliweka nafasi ya kwanza si kabati wala kontena. Ni chemba tatu za kujengewa na fundi, zikifuatiwa na tangi lenye mashine ya kupulizia hewa inayofanya kazi saa 24. Chemba ya kwanza ni ya mchanga, ya pili ni ya kutega mafuta na ya tatu ni ya tope laini. Mchanga mwembamba wa unene wa milimita 0.1 hushuka mita moja kwa dakika mbili hivi, lakini chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji takribani siku tatu kushuka mita hiyo hiyo, na ndiyo sababu utahitaji shabu kidogo katika chemba ya tatu, kidogo kweli, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Pampu ya kuinua maji ikae baada ya mtego wa mafuta, kamwe isikae kabla yake, kwa kuwa pampu huyasaga mafuta yakawa matone madogo mno yasiyoweza tena kuelea. Kwa kazi hiyo mimi natumia Pedrollo ya kuzamisha aina ya TOP Vortex, iliyotengenezwa kwa ajili ya maji machafu, na vipuri vya Pedrollo nimevipata Kariakoo kila nilipovihitaji.

Moyo wa mfumo huu ni kipulizia hewa, na hapa sifichi upendeleo wangu: nunua Hiblow ya Kijapani, modeli ya HP-80. Hutoa lita 80 za hewa kwa dakika na hutumia wati zisizofika 100. Kanuni ninayoifuata ni walau lita 10 za hewa kwa dakika kwa kila lita 1,000 za maji, kwa hiyo kipulizia kimoja kinatosha tangi la lita 5,000 na kubakiza ziada. Sharti ni kwamba kina cha maji kisizidi sana mita moja na nusu, kwa sababu huo ndio msukumo kilichotengenezewa, na ukikizamishia bomba kwenye shimo la mita tatu utapata viputo vya kusikitisha. Chagua tangi pana na fupi, si lile refu linalosimama kama mnara.

Ninaipenda Hiblow kwa sababu nyingine ambayo wauzaji hawaigusii kabisa, nayo ni mgao wa umeme. Mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024, umeme ulipokuwa ukikatika kwa saa nyingi, mitambo mikubwa ya kurejesha maji ilikuwa ikilala hata kama mwenye nayo hakutaka ilale, kwa sababu hakuna inveta ya kawaida inayoweza kuubeba mtambo mzima. Kipulizia cha wati zisizofika 100 kinabebwa usiku kucha na inveta ndogo na betri mbili za ampea-saa 100, na ninazitaja mbili kwa makusudi, maana betri za asidi zikishushwa chini ya nusu kila usiku hazidumu. Utando wa mpira ulio ndani ya kipulizia ndicho kipuri kinachochoka, kwa hiyo nunua seti ya akiba siku ile ile unayonunua mashine.

Nafasi ya pili nawapa Kärcher, Wajerumani walioanza kazi mwaka 1935, kwa mitambo yao ya kibaiolojia ya jina la WRB. Mitambo hii inatumia wazo lile lile la hewa na bakteria wema, lakini imekamilika kutoka kiwandani, na kwa yadi ya mabasi au kituo kikubwa cha mafuta kinachoosha magari mfululizo ningeipendekeza bila wasiwasi. Kinachoishusha nafasi moja ni bei, pamoja na umeme wake, kwani utahitaji jenereta ili iamke usiku wa mgao.

Mashine za ozoni, gesi kali inayounguza uchafu na vijidudu majini, ziko nafasi ya tatu, na huenda zingepanda juu kama Dar es Salaam ingekuwa Dodoma. Ozoni huondoa harufu kwa haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Tatizo ni kwamba mashine hizi huhitaji hewa kavu, na zikivuta hewa yetu ya pwani yenye unyevu, uzalishaji hushuka na ndani hutengenezwa asidi ya nitriki inayokula viungo vya mashine yenyewe. Usikubali kuuziwa mashine ya ozoni isiyo na kikausha hewa, na ujue pia kwamba ozoni huchakaza mipira na sili za kawaida.

Wale wanaoosha kwa kutembea, wakifuata magari maofisini au wakisafisha sakafu za vituo vya mafuta, hawana pa kujenga chemba. Wao wanunue mkeka wa turubai nzito wenye kingo zilizoinuka na pampu ndogo ya kunyonya, wayabebe maji na kuyashusha siku hiyo hiyo mahali panaporuhusiwa. Wasiyalaze ndani ya gari. Ama mapipa ya plastiki yenye mchanga na mkaa yanayouzwa kwa bei ya chini, hayapulizi hewa wala hayategi mafuta, na sina la kuongeza.

Kwa mfumo wowote, suuza ya mwisho ifanywe kwa maji safi. Kwangu maji safi ni kama robo ya yote yanayotumika kwa gari moja, na robo hiyo ndiyo inayofidia maji yanayopotea na kupunguza chumvi inayojilimbikiza kila maji yanapozunguka. Mashine yangu hutoa lita 15 kwa dakika, hivyo dakika kumi za kubonyeza bunduki ni lita 150, na kurejesha robo tatu ya kiasi hicho ni jambo kubwa kwa mtu anayekumbuka Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, mgao wa maji ukatangazwa na bei ya boza ikapanda.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, kwa kuwa jambo hili linanikera. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei ya bidhaa kwa fedha za kigeni hapa nchini, na bado mwaka huu nimetajiwa bei za mitambo kwa dola, kwa mdomo, ili karatasi isionyeshe, kisha zikageuzwa kuwa shilingi kwa kiwango ambacho sikukiona benki yoyote. Aliyeniuzia kabati langu la kwanza alipokea simu zangu zote hadi siku nilipotaja harufu. Ushauri wake wa mwisho ulikuwa nimimine dawa ya klorini, ambayo niliimimina, na harufu ikarudi baada ya siku mbili kwa sababu uchafu ulikuwa bado mwingi na hewa bado haikuwepo. Nilipoomba arudishe hata nusu ya fedha, nilijibiwa kwamba dhamana inahusu mitambo iliyoharibika, na wangu ulikuwa mzima.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akupeleke kwa mteja wake mmoja siku ya Jumatatu alfajiri, kabla gari la kwanza halijaingia, ufunue kifuniko cha tangi kwa mkono wako na kunusa ukiwa umesimama pembeni. Kisha udai bei kwa shilingi, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na sentensi moja kwenye mkataba: maji yakilala saa 72 bila kazi na yakanuka, fedha zinarudi. Nilipoomba niandikiwe sentensi hiyo, wauzaji watatu kati ya wanne waliacha kunipigia simu. Wa nne aliandika, akatia saini, na ndiye niliyenunua kwake Hiblow.