Black Origami ya Jlin: ngoma zisizokubali kukaa nyuma

Haya jamani, karibuni tena. Leo tunaichambua Black Origami, albamu ya pili ya Jlin, iliyotoka 2017 chini ya lebo ya Planet Mu ya Uingereza. Si mpya, najua. Ila mtu akiniuliza aanzie wapi na muziki wa kielektroniki wa majaribio, hii ndiyo ninayomtajia. Na kabla sijaendelea: tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu. Besi itakupotea, ubaki na kelele za vijiti, halafu uje kunilaumu mimi.

Jlin, yaani Jerrilynn Patton, ni mtu wa Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma kando ya Ziwa Michigan, jirani na Chicago. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi kiwandani wakati anatengeneza albamu yake ya kwanza, Dark Energy. Hiyo ilitoka 2015 na jarida la muziki la The Wire likaipa nafasi ya kwanza kati ya albamu za mwaka ule. Basi wachambuzi wakapata hadithi tamu: anashinda kwenye vyuma, ndiyo maana muziki wake unagonga. Mimi hadithi hiyo hainiingii. Mashine inarudia jambo lile lile kutwa nzima, na huyu dada kurudia ndicho kitu asichotaka kabisa.

Asili ya mtindo wake ni footwork ya Chicago, muziki wa kushindania kucheza, mapigo kama 160 kwa dakika, miguu inakwenda kasi hadi macho yanashindwa kuifuata. Kina RP Boo na DJ Rashad waliujenga kwa kukatakata vipande vya nyimbo za watu. Jlin naye alianzia huko, mpaka siku alipompigia mama yake wimbo wenye sampuli, mama akamuuliza: sawa, na wewe mwenyewe unasikikaje? Black Origami ni jibu la swali hilo. Kasi ya Chicago ipo, lakini zile sampuli za nyimbo za mapenzi zimeondoka, na ngoma ndizo zinazoimba.

Chukua wimbo wa Hatshepsut. Zinaingia ngoma za bendi ya gwaride, kavu, zimekazwa, na filimbi juu yake. Unaanza kutikisa kichwa, unajiona umeushika mdundo. Mara pigo ulilokuwa unalisubiri halipo. Ameliondoa makusudi, kaacha pengo, na mwili wako umeshajirusha mbele peke yake. Sasa hapo ndipo ufundi wake ulipo! Prodyuza wengi wakitaka wimbo uwe mzito wanaongeza sauti. Yeye anapunguza, na uzito unaongezeka.

Nyakinyua Rise, jina ambalo watazamaji wangu wa Kenya hawahitaji kuelezwa (kwa wengine: Nyakinyua ni akina mama Wakikuyu wa nyimbo na ngoma za jadi), ni ngoma na sauti za watu zinazosukumana bila kupumzika. Wimbo mfupi, na ukiisha unajikuta umekunja ngumi.

Kuna wageni pia. Wimbo wa Holy Child amefanya na William Basinski, mtunzi ambaye kazi zake huenda polepole mno, na bado wameelewana: sauti ya mwanamke inaelea juu, chini ngoma zinakimbia. Holly Herndon, msanii mwingine wa kielektroniki, yumo kwenye wimbo wa 1%. Dope Saint Jude wa Cape Town yumo kwenye Never Created, Never Destroyed, na hapo nina neno. Rapa mwenye sauti kali kama ile nilitaka aachiwe nafasi zaidi. Nilibaki na njaa.

Lawama yangu nyingine ni kwamba albamu haikupi pa kushusha pumzi. Calcination, aliyoifanya na Fawkes, inajaribu kutuliza mambo kidogo, kisha unarudishwa motoni. Kama unatafuta muziki wa kuweka nyuma huku unafanya kazi, pita mbali. Hutaandika hata barua pepe moja.

Alama yangu ni tisa kwa kumi. Ukiwa mgeni kabisa, anza na Enigma, ndiyo yenye huruma kidogo, halafu rudi mwanzo uisikilize yote kwa mpangilio wake. Video ijayo tunaingia albamu yake Akoma ya 2024, ambako kuna Björk, Philip Glass na Kronos Quartet, na nawaambia mapema kwamba tutabishana.