Kukabia juu au kupaki basi: Coastal na African Sports wakikutana kombe

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, vizibo vya soda ndio wachezaji, na swali halibadiliki: Wagosi wa Kaya (Coastal Union) wakikutana na Wana Kimanumanu (African Sports) kwenye kombe, nani akabie juu?

Kukabia juu, yaani kumbana mpinzani karibu na goli lake, kunanoga, sikatai. Mshambuliaji hamkimbilii beki wa kati moja kwa moja; anamjia kwa upande, anamfungia pasi ya ndani, beki hana budi kutoa mpira pembeni. Hapo winga na kiungo wanamvamia beki wa pembeni, mgongo ukiwa kwenye chaki. Mpira ukinaswa pale, goli liko mita 30 tu. Ila mabeki nao lazima wapande. Wakibaki nyuma, katikati panabaki shamba lisilo na mwenyewe. Tena joto la uwanja wa Mkwakwani saa kumi jioni halina huruma.

Kupaki basi, mabeki watano na viungo wanne mbele yao, ni subira na kaunta, shambulizi la kushtukiza. Kwenye ligi ningepinga. Kwenye kombe sare haikutoi, kuna matuta, yaani penalti. Lakini matuta nayo! Fainali ya 2022 kule Arusha, Abdul Suleiman ‘Sopu’ aliifungia Coastal mabao matatu dhidi ya Yanga, ikawa 3-3, na kombe bado likaenda Jangwani, nyumbani kwa Yanga, kwa penalti.

Mimi ningekabia juu dakika 20 za mwanzo, miguu ikiwa mibichi, kisha nirudi nyuma. Muuza kahawa hakubali. Keshasogeza vizibo vyangu vyote golini.