Tuisheni ya jioni ya wazazi, Makorora, Tanga

Binti yangu wa kidato cha tatu anasoma hapa tangu Januari, na namshauri kila mzazi amlete wake. Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, inaingia mfuko mmoja. Aliyekwama hulipa kwa zamu: kufagia, kupika uji, au kukaa na watoto mpaka saa tatu usiku. Hakuna anayerudishwa nyumbani. Mwalimu wa hesabu ni mstaafu, hashiki fimbo; anakurudisha ubaoni mpaka uelewe.

Wazo alilileta jirani yetu aliyeishi Houston karibu na Wanigeria. Alikuta wanacheza upatu kama sisi, ule ambao Wayoruba huuita esusu, na mtu akipokea zamu yake, karo ya mtoto ndiyo inayotangulia. Waigbo nao, tangu enzi za mkoloni, vyama vyao vya watu wa mji mmoja vilichanga kusomesha vijana hadi ng'ambo. Huko Marekani, zaidi ya nusu ya wahamiaji wa Nigeria wenye miaka 25 na kuendelea wana shahada. Ni kweli wengi walifika wakiwa wamesoma tayari, lakini desturi ya kuchangiana hawakuiacha uwanja wa ndege. Hilo ndilo lililonigusa.

Kasoro zipo. Chumba kina joto, na vitabu vya fizikia havitoshi kabisa.

Kuandikisha ni Jumamosi asubuhi. Njoo mwenyewe mzazi, maana mtoto akija peke yake hapokelewi.