Seti tatu za tairi kwenye STI, na kwa nini nimerudi 245

Gari ni Subaru WRX STI ya 2015. Kiwandani ilitoka na tairi 245/40R18 (245 ni upana kwa milimita, namba nyingine nazieleza chini) kwenye rimu za upana wa inchi 8.5. Tangu niipate nimefunga seti tatu: ya kwanza niliiharibu kwa ubahili, ya pili nikainunua kwa ajili ya sifa, ya tatu ndiyo iko chini ya gari sasa hivi na saizi sibadilishi tena.

Nianze na ubahili. Tairi moja ya nyuma ilichanika ubavuni, na ubavu hauzibwi, kwa hiyo hiyo ilikuwa ya kutupa. Tatu zilizobaki zilikuwa na kashata (ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara) za milimita 4 hivi, bado zina maisha. Muuzaji akanishauri nichukue mbili mpya, saizi ileile ila kampuni nyingine, nizifunge nyuma zote mbili ili zilingane. Kwa gari inayovuta magurudumu mawili, hilo si kosa, ila STI inavuta yote manne. Mimi nikaona hela ya tairi mbili nyingine imepona, nikafunga nikaondoka zangu.

Siku ya pili naingia sehemu ya kuegesha, usukani nimekata wote, gari ikaanza kujikaza. Inasogea, inagoma, inaachia, kama kiatu kilichokanyaga ubani wa kutafuna. Breki nimeachia, gia ni sawa. Nikadhani nimesahau difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) ikiwa imefungwa, maana STI ina swichi kati ya viti ya kuchagua difu hiyo ikaze kiasi gani. Nikaangalia: iko oto.

Fundi hakufungua nati hata moja. Aliinua gari, akatoa mfukoni futi ya fundi cherehani, ile laini ya njano, akaizungusha kwenye tairi ya mbele katikati ya kashata, akabana kwa kidole gumba, akasoma. Akahamia nyuma. Mbele milimita 2,021, nyuma 2,047.

"Kaka, umefunga saizi mbili hapa."

Nikamwonyesha maandishi ubavuni, zote 245/40R18. Akacheka tu. "Sasa barabarani yanazunguka maandishi au inazunguka tairi?"

Hapo ndipo nilipokaa chini na kalamu. Kila milimita 1 ya kashata ikiisha, mzunguko wa tairi unapungua milimita 6 na kitu. Halafu kampuni mbili zinaweza kuandika saizi moja na tairi zisilingane kwa umbo, kwa hiyo hata zote zingekuwa mpya bado ningepaswa kupima. Kwa zile tofauti zangu za milimita 26, tairi za mbele zilikuwa zinazunguka kama mara 6 zaidi ya za nyuma kila kilomita moja. Safari ya kilomita 100 ni mara 600. Difu ya kati imewekwa kumeza tofauti ya mbele na nyuma unapokata kona, na kona huisha. Tofauti ya tairi haiishi hata ukinyoosha barabara siku nzima, na muda wote huo difu inafanya kazi, oili inapata moto, klachi zake zinaliwa. Kipimo kinachotajwa kwa Subaru ni mzunguko wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na ushee. Mimi nilikuwa nimeuzidisha mara nne.

Nilitoa tairi zote, nikabadilisha oili ya difu na giaboksi, na bahati nzuri mkazo ukaisha. Ile hela niliyodhani nimeiokoa ilitoka yote na nyingine juu. (Zipo gereji zenye mashine ya kunyoa tairi mpya ifikie kimo cha zile kuukuu. Ukiwa na tatu nzima na moja iliyokufa, ulizia kwanza huduma hiyo kabla hujanunua nne.)

Seti ya pili. Kwa kuwa nanunua nne, nikasema basi ninenepeshe. Nikapewa machaguo mawili: 255/40R18 au 265/35R18.

Ile 265 niliiacha kwa hesabu. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya huo upana, nayo ndiyo kimo cha ubavu, ya tatu ni inchi za rimu. Kwa 245/40R18 ubavu ni milimita 98, ukiuhesabu juu na chini ukajumlisha rimu ya milimita 457 unapata kipenyo cha 653. Kwa 265/35R18 kinashuka hadi 643. Gari inakaa chini milimita 5, dashibodi inakudanganya, na ubavu mwembamba unaachia rimu ipokee kila shimo. Kubwa zaidi, tairi hiyo inataka rimu ya inchi 9 kwenda juu, na zangu ni 8.5. Muuzaji alisema "inaingia tu." Kuingia inaingia, sibishi.

Nikachukua 255/40R18. Kipenyo 661, tofauti ya asilimia 1.2, nne zote sawasawa, kwa hiyo difu haina ugomvi. Rimu ya 8.5 inaikubali, ingawa ndiyo upana wa mwisho chini kabisa. Na kwa macho, nisiwe mnafiki, ilijaza fenda vizuri sana. Nilikuwa nageuka kuiangalia kila nikishuka.

Nimeendesha nayo miezi 9. Kwenye lami kavu ilishika, ila sikuona kilichozidi kile cha 245 iliyo nzima. Ubavu uliobanwa na rimu nyembamba ulikuwa unavimba, na ukikata usukani ghafla unasikia nusu sekunde ya uvivu kabla pua haijafuata. Hiyo ndiyo iliniudhi kuliko yote, kwa sababu STI mtu huinunua kwa ajili ya ule usukani. Nikirudi nyuma nimekata kona yote, tairi inasugua plastiki ya ndani ya fenda: krrr. Na kwenye maji yaliyotuama ilianza kuelea mapema kuliko nilivyozoea. Tairi pana inasukuma maji mengi zaidi, na gari kuvuta magurudumu yote manne hakusaidii kitu kama yote manne yanaelea. Spidi pia: dashibodi ikisema 100, kwa tairi hizi unakuwa umeongeza kilomita 1 na kidogo juu ya ile ungekwenda na za kiwandani.

Kuna wanaonijibu kwa Nissan GT-R R35, kwamba mbona ile inavuta manne na ina tairi pana nyuma. Ni kweli, mbele 255/40R20 na nyuma 285/35R20. Sasa piga hesabu ya kipenyo: 712 na 707.5. Upana umepishana milimita 30, kipenyo hata milimita 5 hakifiki, na mfumo mzima ulitengenezwa ukijua hivyo. Mimi na wewe kwenye STI hatukutengenezewa hivyo.

Seti ya tatu ni 245/40R18 97W, nne, kampuni moja, muundo mmoja, na tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa nilizikagua tairi moja moja kabla sijalipa. Hiyo 97W usiipite. 97 maana yake tairi moja inabeba kilo 730, W ni kasi hadi kilomita 270 kwa saa. Niliwekewa mezani 245/40R18 ya 93 kwa bei ya chini. Hiyo ni kilo 650 na haikuwa inalingana na kibandiko cha mlangoni, nikairudisha.

Usukani ulirudi siku hiyohiyo. Kona inaanza pale mkono unapoanza. Msuguo kwenye fenda umeisha. Kama barabara zako zina mashimo mengi kuliko zangu, 245/45R17 ina kipenyo karibu kilekile, 652, na ubavu wa milimita 110 wa kupokea vishindo, ila si kila rimu ya 17 inapita juu ya kaliperi za Brembo (vile vibanio vikubwa vya breki za STI), jaribisha rimu tupu kwanza. Kwangu 245/40R18 nyota tano, 255 tatu kwa ajili ya mwonekano, na "mbili mpya nyuma" sina nyota ya kuipa.

Futi ya cherehani nilinunua yangu, inakaa kwenye droo ya dashibodi. Jumapili nilipima: mbele 2,036, nyuma 2,040. Za mbele huliwa haraka, kwa hiyo nikazihamisha nyuma, za nyuma zikaja mbele.