Ruta yenye OpenWrt: kompyuta za nyumbani zinavyojiandikisha majina zenyewe

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Niko nyumbani Nyegezi, hapa Mwanza, na leo nina furaha ya kweli, kwa sababu kifaa hiki kidogo kilicho mezani kimenimalizia kero iliyonisumbua kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ni ruta niliyoinunua ikiwa imeshatumika, kwa shilingi elfu sitini, kisha nikaiondolea programu ya kiwandani na kuiwekea OpenWrt, ambayo hupatikana bure. Kasi ya Wi-Fi na idadi ya antena sitazigusa, maana hayo yameandikwa kwenye boksi na kila mmoja wenu anaweza kuyasoma. Nataka tukae na jambo moja tu, nalo ni namna ruta hii inavyoziandikisha kompyuta za nyumbani kwa majina yake.

Kero yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta ambayo mke wangu hutunzia hesabu za biashara yake ya dagaa, kule mwaloni Kirumba, iko katika chumba cha uani, na printa imeunganishwa nayo. Ruta ya awali iliipa anwani yoyote iliyokuwa wazi, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, leo hii, keshokutwa nyingine, na kila anwani ilipobadilika aliyekuwa sebuleni alishindwa kufungua mafaili wala kuchapa risiti mpaka mimi nirudi kutoka kazini. Namba ya tarakimu kumi na zaidi hakuna anayeishika kichwani, lakini jina kila mtu nyumbani analijua.

Sasa tazameni kioo. Kompyuta ya uani nimeipa jina "hesabu" katika mipangilio yake yenyewe ya Windows, na sikufanya kitu kingine chochote. Nakuja kwenye kompyuta mpakato hii na kuandika nslookup hesabu.lan, amri ya kuuliza jina fulani lina anwani gani (.lan ni mwisho ambao ruta huongeza kwenye majina ya nyumbani), kisha nabonyeza Enter. Mistari ya kwanza inamtaja aliyejibu, yaani ruta, 192.168.1.1, na chini yake linakuja jina hesabu.lan pamoja na anwani 192.168.1.120. Namba hiyo sikuiandika mahali popote. Nimetumia nslookup badala ya ping, amri ya kujaribu kama kompyuta nyingine inafikika, kwa makusudi, kwani Windows ina njia zake nyingine za kuulizana majina jirani kwa jirani, na ping inaweza kufanikiwa hata pale DNS, yaani huduma ya kubadili majina kuwa anwani, isipokuwa na habari, ukadhani kazi imekamilika kumbe bado.

Siri iko kwenye programu inayoitwa dnsmasq, iliyoandikwa na Simon Kelley, ambayo hugawa anwani na kujibu maswali ya majina ikiwa ni programu moja. Kompyuta inapowaka huomba anwani, na ndani ya ombi hilohilo hujitaja jina. Ruta humpangisha mgeni huyo anwani kwa muda, ambao kwa mpangilio wa kawaida wa OpenWrt ni saa 12, na papo hapo jina lake linaingia kwenye orodha ya majina. Kama wenye nyumba wawili wasiosemezana, ruta nyingi za bei nafuu humjua mpangaji upande wa kugawa anwani, lakini upande wa DNS haumtambui kabisa. Hapa anayepangisha ndiye anayejibu hodi, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Baadhi yenu mmeniandikia kwamba mmefundishwa kutumia amri ya ipconfig /registerdns, mkaona wakati mwingine inasaidia. Inasaidia, ila si kwa sababu mnayoidhania. Utaratibu wa kompyuta kuiendea seva ya DNS moja kwa moja na kujiandikisha uliwekwa kwenye waraka wa kanuni za intaneti, RFC 2136, wa mwaka 1997, na hutumika zaidi kwenye ofisi zenye seva za Windows. Dnsmasq haipokei maandikisho ya namna hiyo. Lakini amri hiyo pia huhuisha upangaji wa anwani, na katika kuhuisha huko kompyuta hulitaja jina lake upya, ndipo ruta inapoliandika.

Jina lenyewe lichaguliwe kwa uangalifu, yaani herufi, tarakimu na kistari tu, bila nafasi. Na tafadhali, mtandao wenu msiuite .local. Mwisho huo ulitengwa mwaka 2013 kwa ajili ya vifaa vinavyotafutana bila seva, na ukiutumia kwenye DNS ya kawaida vifaa vingine vitakujibu na vingine vitanyamaza. OpenWrt huja na .lan, nami nimeiacha kama ilivyo, ingawa anayetaka mwisho uliotengwa rasmi kwa matumizi ya nyumbani atumie home.arpa, uliowekwa mwaka 2018.

Sasa nifike kwenye lililoniudhi, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitalionyesha kwa vitendo. Nachomoa waya wa umeme wa ruta, kama umeme unavyokatika. Nahesabu mpaka kumi. Nauchomeka tena, nasubiri taa zitulie, kisha naandika amri ileile. Someni jibu wenyewe: hesabu.lan haipatikani. Kompyuta ya uani inawaka, intaneti inapita, lakini jina halipo.

Sababu ni kwamba OpenWrt hutunza orodha ya wapangaji kwenye kumbukumbu ya muda, katika faili la /tmp/dhcp.leases, ili isiichoshe kumbukumbu ya kudumu kwa kuiandika kila mara, na umeme ukikatika orodha yote hufutika. Kompyuta za Wi-Fi hazipati shida, kwa kuwa mawimbi yakikatika nazo huomba upya na kujitaja tena. Ya uani ni tofauti. Nyumba yetu imezungukwa na majabali, Wi-Fi haifiki kule nyuma, hivyo nimevuta kebo hadi kwenye swichi, na swichi pamoja na kompyuta viko kwenye UPS, betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika. Kwa kompyuta hiyo hakuna kilichokatika. Inaendelea kuishi kwenye anwani yake kwa amani, na haitarudi kwa ruta mpaka nusu ya muda wake wa upangaji ipite, yaani muda unaoweza kufika saa sita nzima. Wiki nzima niliilaumu kebo, nikaibana upya vichwa vyote viwili, kumbe haikuwa na kosa.

Nikienda uani nikaandika ipconfig /renew, jina linarudi mara moja, lakini siwezi kumwambia mke wangu afanye hivyo kila umeme unapokatika. Dawa niliyoitumia ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta, kuitengea kompyuta hiyo anwani yake ya kudumu kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao, halafu kwenye orodha ya majina kuandika hesabu na anwani hiyohiyo. Orodha hiyo hutunzwa kwenye kumbukumbu ya kudumu. Nimefanya hivyo kwa kompyuta moja tu; nyingine zote nimeziacha zijiandikishe.

Kwa simu, angalieni kwamba Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hutumia namba ya kadi ya kubuni kwa kila mtandao, kwa hiyo mkitaka kuitengea simu anwani ya kudumu, chukueni namba inayoonekana kwenye ruta, si ile iliyoandikwa kwenye boksi la simu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo kwa njia ya DNS. Ni nzuri, na ndani yake mna dnsmasq hiyohiyo, ila inahitaji kompyuta nyingine ndogo iwake usiku na mchana, na hilo ni gharama juu ya gharama. Ruta za MikroTik nazo naziheshimu kwa uimara, lakini kuandikisha majina ya wapangaji huko nililazimika kuweka skripti, yaani amri za kujiendesha zenyewe. Kwa elfu sitini, ruta hii nimeipata kwa bei ya haki, mradi kabla ya kulipa mhakikishe kwamba modeli yenu, pamoja na toleo lake, imo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt, kwani jina moja la modeli linaweza kubeba matoleo yenye vifaa tofauti kabisa ndani.

Nachomoa waya tena. Taa zimezima. Nauchomeka, nasubiri. Naandika nslookup hesabu.lan, na jibu ni 192.168.1.120. Natuma risiti ya jana kutoka hapa sebuleni, na kama mkisikiliza vizuri, mtaisikia printa ya uani ikivuta karatasi.