Modafinili kwa usingizi wa mchana: tathmini baada ya miaka mitatu ya kuitumia

Nyumbani kwetu Tanga nilikuwa nikiambiwa nina usingizi wa pono, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ni tabia yangu tu, kama mwingine alivyo na tabia ya kuchelewa. Nilisinzia kwenye daladala nikapitilizwa kituo, nilisinzia katikati ya mtihani, na kuna siku nilisinzia wima mbele ya jiko, nikazinduka chapati imekuwa mkaa na mwiko ungali mkononi. Shangazi alitaka nipimwe malale, kwa kuwa ndio ugonjwa wa usingizi pekee aliowahi kuusikia, na vipimo vya damu havikuonyesha kitu. Ugonjwa wangu ulipata jina nilipokuwa na miaka 31, hapa Leicester, Uingereza, ninakofanya kazi ya uhasibu: ni nakolepsia, ile inayoambatana na kulegea kwa misuli mtu anapocheka. Tangu hapo ninatumia modafinili, na ninaiandikia tathmini hii kwa ajili ya msomaji aliyeandikiwa dawa hiyo, au mwenye ndugu aliyeandikiwa, ambaye angependa kusikia habari zake kwa lugha yake mwenyewe.

Dawa haiwezi kupimwa bila kujua inapambana na nini. Katika ubongo wa mtu mwenye afya kuna kundi dogo la seli zinazotoa kemikali iitwayo oreksini, na kazi ya kemikali hiyo ni kushikilia hali ya kuwa macho, kama mtu aliyeushika mlango usijifunge kwa upepo. Oreksini iligunduliwa mwaka 1998, na mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa wa nakolepsia ya aina yangu wamepoteza sehemu kubwa ya seli hizo. Ndiyo maana usingizi huniingia wakati wowote, na ndoto huja nikiwa bado sijalala vizuri. Jinamizi na maruweruwe, ambavyo kwetu hutafutiwa kisomo, ni sehemu ya ugonjwa huu. Kipimo kilichothibitisha kilikuwa rahisi kukieleza lakini kigumu kukivumilia: baada ya kulala hospitali usiku mzima nikiwa na nyaya kichwani, nilipewa nafasi tano za kulala mchana, moja kila baada ya saa mbili. Mtu anayelala kwa wastani wa dakika 8 au chini yake, na kuingia mapema kwenye usingizi wa ndoto angalau mara mbili, anahesabiwa kuwa na ugonjwa. Mimi wastani wangu ulikuwa dakika 3, na ndoto zilikuja mara nne.

Modafinili hairudishi oreksini. Inavyoeleweka hadi sasa, inazuia dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, isinyonywe haraka na seli, hivyo ile hali ya kuwa macho inadumu zaidi. Ilitengenezwa Ufaransa na maabara ya Lafon, mwanasayansi wa usingizi Michel Jouvet akawa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu kwa wagonjwa wa nakolepsia. Ikaanza kuuzwa huko mwaka 1994, na Marekani ikaidhinishwa Desemba 1998 kwa jina la Provigil. Kabla yake wagonjwa walitegemea amfetamini, iliyoanza kutumika kwa nakolepsia katika miaka ya 1930. Msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa amfetamini kwa urahisi nikimwambia kwamba kiini cha miraa, kinachomkesha dereva wa lori usiku kucha, kimeundwa kwa namna inayofanana nayo sana. Modafinili ni ya ukoo mwingine. Hainipandishi wala kuniangusha. Sijawahi kuhisi furaha ya ghafla kwa sababu yake, wala kiu ya kutaka kingine.

Ninapewa vidonge vyeupe vya miligramu 100, thelathini katika kila boksi. Kabla ya kuanza nilipimwa presha na umeme wa moyo, na yeyote anayepewa dawa hii bila vipimo hivyo ana haki ya kuuliza sababu. Ninameza vidonge viwili kwa siku, kimoja saa moja asubuhi na kingine saa sita mchana. Ukimeza kwa tumbo tupu nguvu yake hufika kilele baada ya saa mbili hadi nne, na chakula huichelewesha kwa kiasi cha saa moja, jambo nililoligundua mwenyewe siku niliyokimeza baada ya viazi vitamu na maharage, nikasinzia kwenye mkutano wa asubuhi.

Nieleze kwa mfano mmoja kilichobadilika. Ninayo madaftari yangu ya kazi ya kabla ya dawa, na ndani yake kuna kurasa ambazo tarakimu zinaanza zimenyooka, kisha zinateremka polepole kutoka kwenye mstari, namba saba inarefuka mkia hadi ukingo wa karatasi, halafu linafuata neno lisilohusika kabisa na hesabu, mara moja niliandika “mnazi”, kwa sababu mkono uliendelea kuandika nilipokuwa tayari naota. Katika daftari la wiki ya pili ya matibabu hakuna hata ukurasa mmoja wa namna hiyo. Nililifungua mbele ya mume wangu, akalipitia ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno, na ndipo nilipoelewa kwamba yeye pia alikuwa ameishi na hofu kwa muda mrefu.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba kidonge hiki humfanya mgonjwa awe kama wenzake. Upo mtihani mdogo wa maswali manane uliotungwa na Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, ambapo mgonjwa anajipa alama 0 hadi 3 kwa kila swali kuhusu uwezekano wa kusinzia akiwa anasoma, anatazama televisheni, amekaa kwenye gari na kadhalika. Jumla ni 24, na zaidi ya 10 ni usingizi uliopita kiasi. Kabla ya dawa nilikuwa na 19. Sasa nina 12. Bado niko upande wa wagonjwa, na majaribio ya dawa hii yalionyesha jambo hilohilo kwa wengi: wanaboreka kwa kiasi kinachoonekana, lakini hawafikii kiwango cha mtu mwenye afya. Ikifika saa tisa alasiri ninalala dakika 20 kwa makusudi, na kwa uzoefu wangu dakika hizo zina thamani sawa na nusu ya kidonge. Kulegea kwa misuli nako dawa haikukugusa; dada yangu akinisimulia kichekesho kwenye simu, magoti bado yananiishia nguvu na ninatafuta ukuta wa kuegemea.

Madhara niliyoyapata ni maumivu ya kichwa kwa siku kumi za mwanzo, kupungua kwa hamu ya kula, na moyo kwenda mbio nilipochanganya dawa na kahawa kali. Yote yalipungua. Ukitokea upele, hasa unaoambatana na homa au vidonda mdomoni, dawa inaachwa siku hiyohiyo na daktari anaonwa, kwani mara chache sana huo huwa mwanzo wa ugonjwa hatari wa ngozi.

Jambo ambalo bado linaniuma ni lingine. Modafinili hulifanya ini livunje haraka homoni za vidonge vya majira, hata uzazi wa mpango wa namna hiyo hautegemeki wakati wa kutumia dawa na kwa miezi miwili baada ya kuiacha. Aidha, mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba isitumiwe na mjamzito, kwa kuwa inaweza kuongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Mimi nilikuwa kwenye vidonge vya majira. Katika kliniki niliyoandikiwa dawa, sitaitaja, hakuna aliyeniuliza wala kuniambia. Nililisoma mwenyewe jioni kwenye kile kikaratasi kinachokunjwa mara nane ndani ya boksi, na wiki ile ile nikaenda kuwekewa kitanzi cha shaba. Mwanamke yeyote anayeanza dawa hii alete habari hiyo mezani yeye mwenyewe, asisubiri kuulizwa.

Ramadhani ilinipa shida niliyoitarajia na nyingine nisiyoitarajia. Kidonge cha saa sita mchana hakiwezekani kwa aliyefunga, kwa hiyo kwa ruhusa ya daktari nilimeza vidonge vyote viwili wakati wa daku. Tabu ni kwamba dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikiwa bado imo baada ya saa 12 hadi 15, na aliyeimeza kabla ya alfajiri hawezi kurudi kulala baada ya swala. Nilikuwa macho vizuri hadi adhuhuri, kisha nikaanguka kama gunia. Mwaka uliofuata nilihamisha usingizi wangu wa makusudi kutoka alasiri hadi mara tu baada ya adhuhuri, na mwezi ukapita kwa heri zaidi.

Zipo dawa nyingine, na anayeshindwa na modafinili asikate tamaa. Pitolisanti, iuzwayo kwa jina la Wakix, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2016. Anayejua jinsi Piriton inavyomlaza mtu mwenye mafua ataielewa mara moja: Piriton huleta usingizi kwa kuizuia kemikali iitwayo histamini isifanye kazi ubongoni, na pitolisanti huufanya ubongo utoe histamini nyingi zaidi. Huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa wiki hadi wiki, na hupunguza pia kulegea kwa misuli. Solriamfetoli, au Sunosi, haivurugi vidonge vya majira, ila presha lazima ifuatiliwe. Hapa Uingereza tangu Januari 2022 inaruhusiwa kwa mgonjwa wa nakolepsia ambaye dawa za awali hazikumfaa. Sodiamu oksibeti ni kimiminika cha usiku, nusu wakati wa kulala na nusu baada ya saa mbili na nusu hadi nne, na ni dawa nzito ambayo haichanganywi na pombe hata kidogo.

Dawa hizi si za kila anayesinzia. Mjomba wangu aliyeko Muscat alinipigia simu akitaka nimtumie boksi moja, kwa sababu alikuwa akilala kwenye usukani kwenye taa za barabarani. Nilikataa, akanuna. Lakini mjomba anakoroma hadi chumba cha pili, na alipopimwa ilionekana kwamba pumzi yake hukatika mara nyingi usiku. Alipewa mashine ya kusukuma hewa puani, na baada ya mwezi mmoja alikuwa macho bila kidonge chochote. Marekani iliruhusu modafinili mwaka 2004 kwa wagonjwa wa namna yake wanaobaki na usingizi licha ya mashine, ilhali mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri mwaka 2010 ibaki kwa nakolepsia peke yake, ikiona kwamba kwa wengine hatari inazidi faida. Nami naunga mkono uamuzi wa Ulaya. Vilevile nawasihi wanafunzi wanaoagiza vidonge hivi mtandaoni ili wakeshe kabla ya mitihani: hamjapimwa moyo, hamjui kilichomo ndani ya kidonge hicho, na usingizi mnaoukimbia ni ule ambao mimi ningelipa kiasi chochote kuupata ukiwa mzima.

Kwa upande wa gharama sina malalamiko. Dawa imekwisha muda wa hakimiliki na hutengenezwa na viwanda vingi. Kwa hapa England ninalipa ada ya kawaida ya cheti cha dawa, yaani pauni 9.90. Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imezuiwa na magoti yangu na saa tisa alasiri.

Mwezi ujao nina miadi na daktari bingwa, na nitamwomba tujaribu kuongeza pitolisanti. Ameniambia nije na daftari la usingizi la wiki mbili. Nimelianza jana, na mpaka sasa mistari yake imenyooka.